Soketi ya Kibanda cha Pampu

Nitaanza na Wiebe, maana kila nikisimulia habari hii watu hutaka nianze na hali ya hewa. Hali ya hewa haina akili. Wiebe anayo, au ndivyo anavyodai, na yeye ndiye aliyezishika betri zangu.

Wiebe ni mdogo wangu. Wakati huo alikuwa muuzaji katika duka moja la redio na kamera kule Lethbridge, Kanada, anavaa shati lenye jina lake kifuani, na hakuna kitu chenye waya ambacho hakukijua. Ukimwambia mashine yako inaunguza mkate, atakueleza kwamba mkate uliukata vibaya. Mimi nilikuwa napiga video za harusi na minada ya ng'ombe pale Coaldale na vijiji vya jirani. Kamera yangu ilikuwa ile ya kanda, nzito, ya kubeba begani, na niliinunua kwa jasho langu. Nilikuwa na betri mbili. Nilizibandika plasta, moja nikaiandika A, nyingine B, nikazitumia kwa zamu, na kila nikitoka kazini nazichaji jikoni kwangu, juu ya kaunta, mahali ninapoziona. Hazikuwahi kunitia aibu kwenye harusi hata moja.

Baba yetu, Douwe Hoekstra, alikuwa na saratani ya koo. Jumatatu ile tulikuwa tumpeleke hospitali Calgary, na kesho yake wangemtoa kikoromeo. Daktari alitueleza bila kuzungusha: atakula, atatembea, atalisha ng'ombe wake, lakini sauti basi. Mama alisikiliza ameushika mkoba wake mapajani. Tulipofika kwenye gari akaniambia, "Tineke, ile kamera yako. Nataka sauti yake."

Mama yangu hajawahi kuniomba kitu. Hata chumvi mezani huinuka akaichukua mwenyewe. Kwa hiyo aliponiomba, lilinikaa kifuani.

Shida ni kwamba Baba si mtu wa maneno. Jumamosi tulimweka mezani mbele ya ile redio kubwa ya jikoni, ya kuchomeka ukutani, tukatia kaseti, tukabonyeza. Mama akamwambia, "Haya, Douwe, sema chochote." Baba akaitazama redio kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Akakohoa. Akanywa kahawa yake. Halafu akainuka akaenda kutengeneza kitasa cha mlango wa ghala, ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Kaseti ile ina kikohozi na kijiko.

Mahali pekee sauti ya Baba ilipotoka yenyewe ni kule juu, kwenye ukingo wa bonde, asubuhi anapoita ng'ombe. Koo lilikuwa limeshakwaruzika, mezani ulimsikia kwa shida, lakini mwito ule ulikuwa bado unatoka. "Kom! Kom! Kooom!" Aliuleta kutoka Friesland, Uholanzi, akiwa kijana, na ng'ombe wa Alberta wakaujifunza. Ukiwa jikoni kwa Mama, madirisha yamefungwa, ulikuwa unausikia. Mimi na Wiebe tuliamka nao utoto wetu wote. Tukakubaliana: Jumatatu asubuhi, kabla ya kuondoka, nitapanda naye kule nimpige picha akiita. Kule hakuna umeme, kuna uzio na upepo tu. Ni betri au hakuna. Na simu za kupigia picha wakati ule hazikuwepo, kwa hiyo msiniulize.

Jumapili tulikuwa kanisani asubuhi na tungerudi tena jioni, kama kawaida ya watu wetu. Katikati hapo namenya viazi vya watu wanane, Wiebe akaingia jikoni anakula peremende nyeusi za chumvi za Mama.

"Dada, betri zako umezikausha?"

"Zina robo tatu. Zinatosha."

"Robo tatu." Akacheka kwa pua. "Betri za aina hii zina kumbukumbu. Ukiichaji ikiwa na robo tatu, inajifunza kwamba pale ndipo mwisho wake. Siku unapoihitaji inakufia mkononi. Lazima uikaushe mpaka sifuri, ndipo uijaze. Kila mteja wangu namwambia."

"Mimi si mteja wako."

"Ndiyo maana zinakudanganya. Robo tatu ya harusi za Coaldale hiyo. Hii ni kwa ajili ya Baba, unataka kubahatisha?"

Hapo alijua anapogusa. Mjuaji hakushindi kwa hoja, anakushindia pale moyo ulipo. Akabeba kamera na betri zangu, akashuka nazo chini kwenye ghala la viazi, akatia kanda kuukuu, akaielekeza kamera kwenye chupa za pichesi za Mama, akaiacha inanasa. Mchana kutwa. Kwanza A, halafu B. Chupa za pichesi zimepigwa picha kuliko maharusi wa wilaya nzima. Kufikia saa ya chai betri zote mbili zilikuwa zimekauka kabisa, na Wiebe akapanda ngazi anapangusa mikono kama daktari wa upasuaji.

Likabaki suala la kuzijaza. Mama hakubali kitu chochote kilale kimechomekwa ndani ya nyumba. Kwa jirani zetu kina Veenstra, blanketi la umeme liliunguza chumba kizima, na nyumba yetu ni ya mbao vilevile. Chaja ile ya matundu mawili ilikuwa inapata moto, na kuzijaza ilitaka usiku kucha. Nikasema nitarudi nazo kwangu Coaldale nikalale huko, nije alfajiri.

"Na barafu hii?" Wiebe akaniambia. "Uje kupinduka mtaroni. Kibanda cha pampu kina soketi. Pikapu ya Baba si inalala imechomekwa pale?"

Kweli, pale ndipo Baba alipochomekea hita ya injini, maana baridi kali ikishika, pikapu isiyochomekwa haiwaki asubuhi. Na ndani ya kibanda kuna taa ya kulipa joto bomba la maji lisigande. Wazo halikuwa baya. Nalisema hilo kwa sababu nataka kumtendea haki Wiebe mara moja, halafu nisirudie. Jioni ile ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri, kamasi zinaganda puani. Akatoka na chaja, akarudi anapulizia vidole.

"Zimewaka nyekundu zote mbili. Nimeziona kwa macho yangu. Kalale, dada."

Asubuhi niliamshwa na matone. Paa lilikuwa linatiririka. Kichwa kinaniuma upande mmoja, na hapo nikajua bila kufungua pazia: Chinook. Ule upepo wa moto unaoshuka kutoka milimani na kula theluji ya mwezi mzima kwa usiku mmoja. Nje kulikuwa na matope, mbwa amelala juani, na mbingu ya magharibi ina lile tao la mawingu. Nikafurahi, jamani. Nilifikiri, betri haipendi baridi, Mungu ametuletea joto.

Baba alishatoka kupakia marobota ya nyasi. Wiebe akaja na chaja, kifua mbele. "Bingwa amefika," akasema. "Zimejaa, twende."

Nikatia A. Kamera kimya. Nikatia B. Kimya. Nikazipangusa vichwa vyake kwa pindo la sweta, nikarudia. Kile kioo kidogo cha kuchungulia kilikuwa cheusi.

"Umezitia vibaya," Wiebe akasema.

"Nimezitia hivi kwenye harusi mia. Kanichomekee hapo ukutani."

Akachomeka chaja kwenye soketi ya jikoni. Taa mbili zikawaka nyekundu, nyekundu ile ya mwanzo kabisa, ya betri isiyo na kitu. Mama alikuwa anakata mkate. Akaacha kukata.

"Chaja yako mbovu," Wiebe akasema.

"Chaja yangu mbovu? Chaja iliyofanya kazi mpaka juzi, imekuwa mbovu baada ya kulala na wewe?"

"Mimi niliona taa. Mama, niliona taa."

"Uliona taa! Jana zilikuwa na robo tatu, Wiebe. Robo tatu. Leo hii tungekuwa na saa nzima. Wewe ukazikamua mpaka tone la mwisho kwa ajili ya pichesi, sasa hatuna hata dakika. Kumbukumbu, kumbukumbu. Ningekuwa na kumbukumbu mimi ningekumbuka kwamba uliwahi kutengeneza saa ya Mama ikaanza kurudi nyuma."

"Ilikuwa mbovu tangu—"

"Kila kitu kilikuwa kibovu tangu."

"Basi," Mama akasema. "Iacheni hapo ishike kidogo. Nitakaa nayo." Akavuta kiti akakaa mbele ya chaja kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Ndani ya nyumba, mchana, macho yake juu yake, hiyo aliiruhusu. Ila hakukuwa na muda. Saa tatu ilikuwa lazima tuwe barabarani, na Baba hakuwa mtu wa kusubiri mashine, wala ng'ombe hawakuwa watu wa kusubiri Baba. Tukasikia honi ya pikapu. Nikaichomoa B, ikiwa na vuguvugu tu, nikaitia ndani ya nguo kifuani, tukatoka.

Baba aliendesha. Mama alikaa katikati, mimi dirishani, Wiebe nyuma juu ya marobota kama alivyostahili. Baba alinitazama mara moja, akaitazama kamera, akaendelea kukwepa madimbwi. Kule juu upepo ulikuwa mkali, unasukuma mlango. Mama akabaki ndani, akashusha kioo apate kusikia. Sisi watatu tukasimama penye lango. Ng'ombe hawakuonekana, walikuwa wamejificha upepo chini bondeni. Baba akaanza kukata kamba za marobota kwa kisu chake, taratibu, na mimi nikaichomeka B.

Nilikuwa na mpango. Sitaiwasha mpaka avute pumzi. Mtu aliyemsikia Baba maisha yake yote anajua anavyovuta pumzi kabla ya kuita, mabega yanapanda. Pumzi ikipanda, nabonyeza, na ile dakika moja niliyo nayo inatosha.

Wiebe akasogea. "Washa tuone kama imeshika."

"Usiniguse."

"Washa tu, uone ina kiasi gani. Kama haina, tuunge waya kwenye betri ya pikapu."

"Uniunguzie na kamera? Pichesi hazijakutosha?"

"Dada, unaongea kama vile nimefanya makusudi."

"Makusudi afadhali! Makusudi mtu anatubu. Wewe umefanya kwa ujuzi." Nikaibonyeza kamera nikamsukumia usoni, kidole gumba kimeigandamiza ndani ya glovu, aone mwenyewe ile alama ya betri inavyopepesa. "Tazama. Tazama kazi yako. Mama ameomba kitu kimoja. Kimoja! Tangu tumezaliwa. Na wewe, mjinga wewe, bwana kumbukumbu, umekinywa chote kabla hajaonja." Na mengine. Nilikuwa na mengi, ya miaka. Nilimtajia mpaka baiskeli. Upepo unanipigia nywele mdomoni, nazitema, naendelea. Wiebe naye akaanza kupiga kelele zake, kwamba mimi najifanya mtoto peke yangu, kwamba yeye hatampoteza baba pia?

Baba akaacha kukata kamba. Hakupaza sauti.

"Mlichomeka wapi?"

Nikashusha kamera. Wiebe akasema, "Kibandani, Baba. Taa iliwaka."

"Iliwaka kwa kuwa kulikuwa na baridi. Nilifunga swichi ya kupima joto pale mwaka jana. Joto likipanda, soketi inajizima yenyewe. Taa ya bomba, pikapu, vyote. Na jana upepo ulishuka mara tu mlipolala." Akafunga kisu chake. "Umeme si wa bure, watoto."

Kisha akatugeuzia mgongo, akatazama bonde, na mabega yakapanda.

Nikainua kamera. Kioo kilikuwa cheusi. Nikabonyeza, nikaipiga ubavuni kwa kiganja, nikabonyeza tena. Baba akaita. "Kom! Kom! Kooom!" Sauti ilitoka imechanika katikati, lakini ilitoka, ikavuka bonde ikagonga upande wa pili. Akaita tena. Mara ya tatu vichwa vyeusi vikachomoza ukingoni, kimoja, viwili, halafu kundi zima likaja linakimbia kwenye matope, matumbo yanayumba, ndama wakiteleza. Walimzunguka mpaka nikaona kofia yake tu. Na mimi nimesimama na kamera mikononi kama nimeshika tofali.

Nilikuwa na hasira sijapata kuwa nayo. Kwa Wiebe, ndiyo. Lakini sasa na kwa yule mzee pia, na swichi yake, na senti zake, mtu anayepima mpaka joto la usiku asije akachoma umeme wa senti tano. Na kwa upepo, ambao dakika chache nyuma niliuita wa Mungu. Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Umeipata?" akauliza. Wiebe alimwambia tutaangalia.

Baba akapanda pikapu, tukashuka, akabadilisha viatu, tukaenda Calgary, mimi kwenye usukani. Njiani alisema mara mbili kwamba naendesha kasi.

Kanda niliitazama baada ya wiki nzima. Sikutaka. Niliitia kwenye televisheni kwangu ili niifute nipate kuitumia kwenye mnada, na nikaona matope. Kumbe pale niliposukuma kamera usoni kwa Wiebe, kidole changu hakikuwasha tu. Kilibonyeza na kunasa. Yako matope, kiko kiatu cha Wiebe, kipo kipande cha uzio kimelala ubavu. Na iko sauti yangu, jamani. Kali, ya pua, inatukana. Sikujua kwamba nina sauti kama ile. Mjinga wewe, bwana kumbukumbu. Mpaka baiskeli imo. Halafu, katikati ya kelele zangu na upepo, Baba, karibu kabisa, wazi, bila kukohoa. Mlichomeka wapi. Yote, mpaka mwisho. Umeme si wa bure, watoto. Kisha kanda inakuwa nyeusi. Mwito haumo.

Ndiyo hesabu ya dakika ile. Nilijua hasira hasara, wala sikuhitaji kufundishwa na televisheni.

Baba alirudi nyumbani Machi, na tundu shingoni na kitambaa cha kulifunika, Mama amekishona mwenyewe kutoka shati kuukuu. Ng'ombe aliwaita kwa kugonga ndoo. Walikuja, lakini walikuja wanatembea. Jumapili, baina ya kanisa na kanisa, Mama akasema mbele yetu wote, "Tineke, lete kanda." Nilimwambia haifai. Akasema, "Lete."

Tukakaa. Wiebe alijibana kwenye kona ya kochi na peremende zake, hakula hata moja. Nikaiweka. Nilisikia matusi yangu yakijaa kwenye sebule ya Mama, chini ya picha ya kanisa la Friesland, siku ya Bwana, na nikatamani sakafu ifunguke. Mama hakupepesa. Ilipofika kwa Baba, Mama aliinama mbele, mkono mdomoni. Baba alikuwa kwenye kiti chake, ametulia kabisa. Maneno yake yakapita, kanda ikawa nyeusi. Akainua kidole: tena.

Niliirudisha. Akaitaka tena. Mara ya tatu, Wiebe alikuwa analia waziwazi, na mimi nikasema, "Mama, nitakata matusi, nibakize ya Baba tu." Mama akasema, "Usikate kitu. Akianza kusema wewe bado unapiga kelele, ukijikata wewe utamkata na yeye."

Hapo Baba akagonga mkono wa kiti. Anataka kusema. Tulikuwa bado hatujazoea kusoma midomo yake, tukasogea wote watatu, Mama akapiga magoti kabisa mbele yake. Midomo ikacheza, bila sauti, pumzi tu pale kitambaani. Mama akaitazama. Akamwambia arudie. Akarudia, na kidole akakielekeza kwenye televisheni, iliyokuwa inawaka bila kuonyesha kitu.

"Anasema nini?" Wiebe akauliza.

Mama alikaa pale chini, amekasirika na anacheka kwa wakati mmoja, machozi yanamtoka. "Anasema izimwe. Hamuitazami."

Nikainuka. Leo senti zake ziungue. Nilikwenda mpaka kwenye televisheni ya yule mzee, mbele ya macho yake, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikairudisha kanda mwanzo, kwenye matusi yangu, nikaiwasha tena.